T1 isomeke kuanzia Tunduma: barua ya wazi kwa Wizara ya Ujenzi na TANROADS

Kwa Waziri wa Ujenzi, Dodoma
Kwa Mtendaji Mkuu, Wakala ya Barabara Tanzania (TANROADS)
Kwa Meneja wa TANROADS, Mkoa wa Songwe

Waheshimiwa,

Lori lililopakia shaba Lubumbashi huvuka Kasumbalesa, likapita Kapiri Mposhi, Mpika na Chinsali, na likifika Nakonde linakuwa kwenye barabara ambayo Zambia inaiita T2. Likishavuka lango na kuingia Tunduma, barabara hiyohiyo inaitwa T1. T2 ya Tanzania ni nyingine kabisa: inaanzia Chalinze, inapita Segera na Moshi hadi Arusha na Namanga. T1 ya Zambia nayo iko upande wa Livingstone. Dereva mgeni anayefuata namba peke yake akifika mpakani hapa hana pa kushika, na kwa kweli madereva wengi waliacha zamani kufuata namba. Wanafuata majina ya miji, vituo vya mafuta na mizani.

Barua hii inahusu namba hizo, na inahusu pia lami na madaraja yanayozibeba. Kwa kawaida mambo haya huwekwa mbalimbali. Namba hukaa ofisini, kwenye jedwali la barabara kuu na za mikoa. Lami hukaa kwa mkandarasi. Madaraja hukumbukwa mvua zikinyesha. Wakazi wa Tunduma, Mpemba, Vwawa na Mlowo wanaishi na yote matatu kwa wakati mmoja, na wanaona kitu ambacho pengine hakionekani vizuri kutoka Dodoma: barabara isiyokuwa na anwani inayosomeka ni vigumu kuitunza, ni vigumu kuisimamia, na mtu akiumia juu yake ni vigumu kumfikia. Upanuzi unaosubiriwa kutoka Igawa hadi Tunduma ndio wakati wa kulirekebisha hilo.

Ni sehemu chache Afrika Mashariki ambako kipande kimoja cha lami kina majina mengi kama hapa. Katika orodha ya taifa, T1 inatoka Dar es Salaam, inapita Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya, na inaishia Tunduma baada ya zaidi ya kilomita 900. T9 inachepuka hapohapo mjini kwenda Sumbawanga, Mpanda, Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi. Ramani za zamani zinaionyesha barabara ya Songwe kama A104, namba iliyoanzia Malaba kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ikapita Nairobi, Namanga, Arusha, Dodoma na Iringa hadi lango la Zambia. Mtandao wa barabara kuu za bara zima unaiita namba 4, ile ya Cairo hadi Cape Town. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiweka kwenye ushoroba wake wa tano, na barabara ya Sumbawanga kwenye ushoroba wa nne. Na hapo bado halijatajwa jina la TANZAM, ambalo wazee wa Mbozi hulitamka kama jina la ndugu.

Kenya ilipozipanga upya barabara zake mwaka 2016, A104 ilivunjwa. Kipande cha kwenda Malaba kiliunganishwa na barabara ya Mombasa kikawa A8, na kipande cha Namanga kikaingia A2. Namba iliyokuwa ikimwambia dereva wa Eldoret kwamba yuko barabara moja na dereva wa Vwawa haipo tena upande wa Kenya, na upande wa Tanzania ilikuwa imeshamezwa na T1 na T5. Hakuna aliyekosea kisheria. Kila nchi ina haki ya kupanga barabara zake. Lakini hakuna pia aliyekaa na majirani zake akauliza mwenye lori ataonaje.

Wingi wa namba wenyewe si ugonjwa. Ulaya ilikubaliana mwaka 1975 juu ya barabara za herufi E, na hadi leo, katika nchi nyingi, dereva anayevuka kutoka nchi moja kwenda nyingine huona namba ya taifa na namba ya E kwenye kibao kimoja. Nchi za Asia zilifikia makubaliano kama hayo mwaka 2003; Thailand imesimamisha vibao vya AH1 na AH2 kando ya namba zake yenyewe. Nchi nyingi hazikufuta hesabu zao za nyumbani. Waliongeza namba ya pili, wakaiandika kwa rangi yake, wakairudia kila baada ya umbali fulani ili anayelala garini na kuamka ajue yuko wapi. Ugonjwa wa Tunduma ni kwamba namba zote hizi ziko kwenye makabrasha, na barabarani zinaonekana kwa shida.

Ukitoka mpakani kwenda Vwawa, kinachokupokea ni majina: Mbeya, Iringa, Dar es Salaam, na kilomita zilizobaki. Bodaboda wa Chapwa huiita barabara kubwa. Muuza ndizi wa Mlowo huiita barabara ya Mbeya akiwa anatazama mashariki, na barabara ya Tunduma akigeuka. Hakuna ubaya, kwa sababu wote wanaelewana. Shida huanza usiku, kwenye mteremko wa Senjele, gari la mizigo linapopoteza breki na abiria wa basi dogo wako chini ya mtaro. Mtu wa kwanza kupiga simu 112 huulizwa: mko wapi? Atasema tumepita Mlowo, kuna kona, kuna miti. Kona ni nyingi. Miti ni mingi zaidi. Gari la wagonjwa linatoka hospitali likiwa linatafuta moshi au taa za simu. Kama kando ya barabara kungekuwa na nguzo ya zege inayong'aa usiku, imeandikwa T1 na kilomita yake, hata mtoto wa darasa la tatu angeweza kuisoma kwenye simu na dakika zile zingeokolewa.

Nguzo hizo ni kazi ndogo ukilinganisha na lami. Zinahitaji kuhesabiwa kutoka mahali pamoja, ziandikwe kwa maandishi makubwa pande zote mbili, na zing'olewe mara barabara inapobadilishwa njia ili zisidanganye. Anayelipwa kutunza kipande fulani atajua ni kutoka nguzo gani hadi gani. Trafiki ataandika ajali kwa kilomita badala ya kuandika jina la mlima, na baada ya miaka miwili au mitatu ya kuandika hivyo mhandisi wa Songwe atafungua daftari na kuona mwenyewe ni mita zipi mia tano zinazoua kuliko nyingine. Leo kila mtu anajua Senjele ni pabaya. Kujua ni mita zipi za Senjele, na kwa nini, ni jambo jingine, na ndilo linalomwambia mhandisi aweke wapi ukingo wa chuma, wapi apanue kona na wapi achimbe njia ya dharura ya lori lililokosa breki.

Waheshimiwa, umri wa barabara hii ni sehemu ya habari.

Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya kusini ya mafuta, na njia ya huko ya shaba ikawa haitegemeki. Njia mojawapo iliyobaki ilikuwa ile ya udongo na changarawe kwenda Dar es Salaam. Malori yalibeba mapipa ya mafuta kwenda na vipande vya shaba kurudi, masika na kiangazi, na wazungu walioliona jambo hilo waliiita njia ya jehanamu. Kampuni ya usafirishaji ya Zambia na Tanzania iliundwa kwa ajili ya kazi hiyo, na madereva wengi wa kwanza walizikwa kwenye makorongo ya njia hii. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Lami ikawekwa kipande kwa kipande kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na Sweden, ikafika mpakani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976. Vitu vitatu vilipita kwenye ukanda mmoja ndani ya miaka kumi, na Tunduma, iliyokuwa kijiji cha mpakani, ikawa mlango wa nchi.

Wasanifu wa wakati ule walifikiria malori ya wakati ule. Semi-trela ya leo yenye ekseli sita au saba hawakuiwaza kabisa. Wahandisi wanajua jambo hili vizuri, lakini ni haki ya kila mkazi kulielewa. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwenye lami hupanda takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ya tani 10 inaiumiza barabara kama mara 10,000 ya ekseli ya tani 1. Ukiipandisha ile ya tani 10 ifike 12, ambayo kwa macho ni magunia machache tu ya ziada, madhara yanakuwa zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, imeweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja na tani 56 kwa gari zima. Ndiyo maana pia mizani ya Mpemba ina kazi kubwa kuliko inavyosifiwa, maana lori lililokwepa mizani linamlipisha kila mwenye baiskeli.

Matokeo yanaonekana wazi kwenye vipande vya kupanda mlima na mahali pa foleni. Lori lililosimama au linalotambaa kwa gia ya kwanza hukandamiza lami kwa muda mrefu, na jua la mchana likiwa kali lami hulegea na kusukumwa pembeni. Hubaki mifereji miwili ya matairi yenye matuta katikati na kando. Mvua ikinyesha, maji hukaa humo. Bodaboda mwenye abiria wawili hupita juu ya tuta lile jembamba la katikati, na lori likimjia kwa nyuma hana pa kukimbilia, kwa kuwa bega la barabara limeliwa na matairi ya waliokuwa wakikwepa mashimo. Viraka huwekwa, na kiraka kizuri husaidia. Lakini mfereji wa matairi hauponi kwa kiraka, kwa sababu kilichoharibika kiko chini.

Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walifungua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde. Kilikuwa kitu kizuri na bado ni kizuri: gari hukaguliwa mara moja na maofisa wa nchi zote mbili badala ya kupitia milango miwili. Hata hivyo kituo kilipanuliwa kuliko barabara inayokilisha. Foleni ya malori bado huanza mpakani ikarudi nyuma kupitia Chapwa kuelekea Mpemba, na ikitokea mtikisiko upande wowote mji mzima huziba. Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya Uviko-19, ilionekana jinsi mkoa mzima ulivyotegemea uzi mmoja. Madereva walilala chini ya matela yao. Mama lishe waliwalisha kwa mkopo. Kahawa ya Mbozi na mahindi ya Momba, ambayo hayakuwa yanakwenda Zambia kabisa, yalikwama nyuma ya shehena za nchi nyingine.

Na hapa ndipo namba zinapokutana na zege. T1 na T9 ni barabara kuu mbili za taifa. Zinakutana ndani ya mji, karibu na lango la kimataifa, kwenye njia panda inayotumiwa pia na bajaji, mikokoteni, magari ya IT yanayovushwa kwenda Zambia, wanafunzi, na wanawake wenye beseni kichwani wanaopenya kati ya bampa la lori moja na tela la jingine. Basi la Sumbawanga linalotoka Mbeya halina haja yoyote na mpaka, lakini linalazimika kuingia kwenye foleni ya mpaka ili lifike T9. Kilomita 223 za lami kati ya Tunduma na Sumbawanga zilijengwa kwa msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, na zimewafaa sana watu wa Momba na Rukwa. Safari iliyokuwa ya kutwa nzima kwenye vumbi ikawa ya saa chache. Saa hizo hupotea tena kwenye mita mia chache za njia panda.

Wapo wanaosema dawa ni daraja la juu, kama lile la Mfugale lililofunguliwa Septemba 2018 kwenye makutano ya TAZARA, Dar es Salaam, au la Kijazi pale Ubungo lililofunguliwa Februari 2021. Ni rahisi kuelewa kwa nini watu wa Tunduma wanatamani kitu kama hicho, maana mji wao unalisha bandari ile ile. Lakini Mfugale na Kijazi yalitatua tatizo la magari yanayokatana njia yakiwa yanatembea. Tatizo la Tunduma ni magari yaliyosimama yakisubiri karatasi. Ukijenga daraja la juu leo, foleni itapanda darajani na kusimama hukohuko juu, na daraja litabeba uzito wa malori yaliyosimama mchana na usiku, ambao ndio uzito mbaya kuliko wote.

Kinachotangulia ni barabara ya mchepuo ya malori, inayotoka upande wa Mpemba na kuingia kituo cha forodha bila kupita sokoni, ikiwa na tawi la kuunganisha T1 na T9 nje ya mji. Na ijengwe pamoja na maegesho yenye namba kwa kila nafasi, ili lori liitwe zamu yake ikifika badala ya kulinda zamu barabarani. Baada ya hapo, vivuko vya watu. Daraja la waenda kwa miguu lenye ngazi peke yake halitatumika, kwa sababu mtu mwenye gunia la kilo hamsini mabegani hapandi ngazi. Liwe na mteremko mpole unaopitika kwa mkokoteni na kiti cha magurudumu, na liwekwe pale watu wanapovuka sasa, si pale penye nafasi ya kulijenga.

Wizara haijakaa kimya, na ni lazima hilo lisemwe. Mwezi Juni 2023 serikali ilisaini mikataba ya barabara saba zenye jumla ya kilomita 2,035 kwa utaratibu ambao mkandarasi anasanifu, anajenga na kutafuta fedha, na mojawapo ilikuwa Igawa, Songwe hadi Tunduma, kilomita 237.9. Mbeya mjini ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ulianza. Mafinga hadi Igawa ilifanyiwa ukarabati kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Barabara ya Mpemba kwenda Isongole imewekwa lami, na watu wa Ileje sasa wanafika sokoni mvua zikinyesha. Kwa hiyo barua hii haidai kwamba Songwe imesahauliwa. Inadai mpangilio. Kazi za barabara kutoka Dar es Salaam kuja huku zimekuwa zikisogea kuelekea mpakani kipande kwa kipande, na kila kipande kinapokamilika lori linafika haraka zaidi kwenye kipande ambacho hakijaguswa. Mwisho wa T1 ndipo uzito wote unapokusanyika na kusimama. Upanuzi wa Songwe uanzie Tunduma urudi nyuma, badala ya kuisubirisha Tunduma iwe ya mwisho.

Kuna jambo la madaraja ambalo halipendezi kusemwa lakini lisiposemwa sasa litasemwa kwenye mazishi.

Tarehe 15 Desemba 1967, daraja la Point Pleasant katika jimbo la West Virginia, Marekani, lilianguka mtoni likiwa limejaa magari ya jioni. Watu 46 walikufa. Sababu ilikuwa ufa mdogo kwenye kiungo kimoja cha chuma. Daraja lilikuwa limejengwa mwaka 1928 kwa magari ya mwaka 1928. Nchi ile ilishtuka ikagundua kwamba haikuwa na daftari la pamoja la madaraja yake. Mwaka 1971 ikaweka kanuni: kila daraja lihesabiwe, lipewe namba na likaguliwe angalau kila baada ya miezi 24. Daftari hilo liko wazi kwa raia hadi leo. Italia ilipata somo lake baadaye. Daraja la Morandi mjini Genoa, lililofunguliwa mwaka 1967, lilianguka tarehe 14 Agosti 2018 na kuua watu 43. Ni rika moja na TANZAM.

Tanzania nayo inakumbuka Machi 2020, daraja la Kiyegeya wilayani Gairo lilipokatika kwa mafuriko, na barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma ikafungwa. Magari ya kwenda makao makuu ya nchi yalilazimika kuzunguka. Watu wa Songwe wanajiuliza, likitokea hilo kwenye daraja la mto Songwe au kwenye kalavati moja kubwa kati ya Mlowo na Vwawa, mzunguko uko wapi? Barabara za vijijini za Mbozi hazibebi semi-trela. Zambia, Lubumbashi na Sumbawanga zote zingesimama.

Ombi hapa ni dogo. Kila daraja na kila kalavati kubwa la T1 na T9 ndani ya Songwe liwekewe kibao cha chuma kisichong'oleka: namba ya barabara, kilomita, mwaka lilipojengwa, uzito linaoruhusiwa kubeba. Tarehe ya ukaguzi wa mwisho na hali iliyokutwa ziwekwe wazi kwenye ofisi ya mkoa Vwawa na kwenye tovuti ya TANROADS. Wakaguzi wapo, na bila shaka wanafanya kazi yao. Lakini fundi wa Mlowo anayeona nondo imechungulia chini ya kalavati hana leo namna ya kusema ni kalavati lipi. Akiwa na namba, atapiga simu na mtu wa zamu ataelewa kwa sentensi moja.

Lipo pia suala la walio kando ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Tangu hapo kuta nyingi kati ya Mlowo na Tunduma zimeishi na alama ya X, nyekundu kwa asiyelipwa, kijani kwa anayestahili fidia. Mwenye X ya kijani hajengi na hakarabati, hakopesheki kwa kutumia nyumba hiyo, anasubiri. Kila mwaka wa kusubiri bati linazidi kutoboka. Kabla mtambo wa kwanza haujashushwa Tunduma, walipwe. Na wale wenye vibanda vya biashara ndani ya hifadhi, ambao kisheria hawana dai, waonyeshwe eneo jingine lenye wateja kabla ya kubomolewa, kwa sababu wao ndio wanaowalisha madereva ambao barabara hii inajengwa kwa ajili yao.

Inawezekana mtu akasema reli itapunguza mzigo. Septemba 2025 Tanzania, Zambia na kampuni ya China zilitia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA kwa dola bilioni 1.4 za Marekani, na kila mpenda barabara anapaswa kuombea yafanikiwe, kwani shaba ni mzigo wa reli. Lakini mafuta, saruji, magari ya IT, mbolea, parachichi, nyanya na abiria wataendelea kupita kwenye lami. Reli iliyo hai itaipa T1 nafasi ya kupumua, na hiyo nafasi itumike kuitengeneza vizuri, isitumike kuiahirisha.

Kuhusu Zambia, mazungumzo ni mepesi kuliko yanavyoonekana. Wakati maofisa wa nchi hizi mbili wanakaa jengo moja, hakuna sababu ya vibao vyao kutosalimiana. Upande wa Nakonde kiwekwe kibao kinachosema barabara inaendelea kama T1 ya Tanzania. Upande wa Tunduma kiwekwe kinachosema inaendelea kama T2 ya Zambia. Na juu ya vyote viwili iandikwe namba 4 ya bara, ile ya Cairo hadi Cape Town, kwa rangi moja isiyochanganywa na za nchi. Pale T9 inapochepuka, kibao kiseme T9, Sumbawanga, Mpanda, Kigoma, mita mia tano kabla ya njia panda, kirudiwe mita mia mbili kabla, na kirudiwe tena baada ya kukata kona ili aliyekosea ajue mapema. Kazi hii haihitaji mkandarasi wa kimataifa. Mafundi wa kuchomelea wako Vwawa.

Meneja wa Mkoa anaweza kuanza na nguzo za kilomita na vibao vya madaraja katika bajeti ya matengenezo ya kawaida, kabla ya mvua za Novemba, bila kusubiri fedha za njia nne. Mtendaji Mkuu anaweza kuandika kwenye mkataba wa upanuzi kwamba mkandarasi hakabidhi kipande ambacho hakina namba, nguzo na daftari la madaraja, na kwamba kipande cha kwanza kinaanzia mpakani. Waziri anaweza kulipeleka suala la namba za pamoja kwenye vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki na vya SADC, maana Tanzania ni mwanachama wa zote mbili na Tunduma ndipo zinapogusana. Na mwaliko huu uko wazi: njooni Tunduma siku ya kazi, mshuke garini Mpemba, mtembee kwa miguu na madereva, bodaboda na akina mama wa sokoni hadi kwenye lango, kisha mkae nao kwenye mkutano wa hadhara mseme kazi itaanza lini na kutoka kilomita ipi.

Wasalaam,
Kwa niaba ya watumiaji wa T1 na T9, Tunduma

Nakala:
Mkuu wa Mkoa wa Songwe, Vwawa
Mkurugenzi, Halmashauri ya Mji wa Tunduma
Bodi ya Mfuko wa Barabara, Dodoma